Mkalimani Mwenye Kwikwi

Mama yangu amenishtaki kwa wizi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mara zote alikuwa akinitibu.

Nyumbani kwetu Ngaremara, mtoto akishikwa na kwikwi hapewi maji kwanza. Anasingiziwa. Mtu mzima humwendea ghafla, uso ameukunja, na kumwambia ameiba kitu. Mtoto akishtuka pumzi hukatika, na kwikwi hukatika nayo. Mama alikuwa bingwa wa kazi hiyo. "Wewe! Tumbaku yangu umeipeleka wapi?" Nilikuwa naruka, naapa kwa jina la marehemu babu, nalia machozi ya kweli, na katikati ya kiapo sote wawili tunagundua kwamba kwikwi imekwenda zake. Mama anacheka hadi anajishika mbavu. Mimi sikucheka hata siku moja. Nina kiburi, sikatai, na nilizaliwa nacho.

Basi fikiria mtu mwenye kiburi cha namna hiyo anafikisha miaka thelathini na minane, halafu kwikwi inamrudia na kukataa kuondoka.

Ilianza kama mchezo, baada ya chai ya saa nne. Nilikuwa nauza nafaka katika duka moja la Bulla Pesa, mali ya mama mmoja Mmeru ambaye mpaka leo ananiita "msichana" ingawa nina watoto wawili. Nilimeza mkate nikiwa nimesimama, nikaushushia chai ya moto, nikarudi kwenye magunia. Kwikwi ikanishika hadi saa saba. Kesho yake ikarudi. Wiki iliyofuata ilikuja kila siku, na kuna safari moja ilinishika Ijumaa ikaniachia Jumapili. Nililala nayo, nikaamka nayo. Mbavu zilikuwa zinauma kana kwamba nimepakua lori la saruji. Kupima maharagwe kukawa aibu, maana gorogoro, lile kopo la kupimia, inataka mkono uliotulia, na kila nilipoijaza mwili uliruka na maharagwe yakaruka nao. Wateja wengine waliona nimewapunja, wengine wakaona nimewaongeza, na wote wakawa wananitazama mdomoni.

"Wewe msichana," mwenye duka akaniambia, "hiyo kwikwi yako itanifukuzia wateja."

Duka ningelivumilia. Kilichoniuma ni Jumapili.

Kanisani kwetu Ngaremara mhubiri hutoka mjini na huhubiri kwa Kiswahili. Wazee wetu wengi, mama yangu akiwa mmoja wao, hawajui Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya sukari. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kusimama kando ya mhubiri: yeye anatoa sentensi, wewe unaipokea na kuiweka katika Kiturkana kabla haijapoa. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa miaka sita. Nilikuwa hodari. Sijisifu, nasema ukweli tu. Mhubiri akilia, kilio nilikipeleka. Akitania, niliutafuta utani wa kwetu unaochekesha vilevile. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya mwanamume mmoja aliyewahi kuwa dereva wa malori, mtu wa koti kubwa na Kiswahili kingi, lakini mvivu wa maneno. Mhubiri alikuwa anaweza kusema robo saa nzima juu ya mwana mpotevu, huyu dereva akakohoa na kuwageukia watu: "Anasema turudi nyumbani." Basi.

Kwikwi ilipoingia kanisani ilinivunjia heshima vibaya. Waumini wetu wamezoea kujibu mkalimani akinyamaza, na kwikwi ilikuwa ikininyamazisha popote ipendapo. Siku moja nilikuwa natafsiri Yesu akijaribiwa jangwani. "Ndipo shetani akamwambia," nikasema, kwikwi ikanikata, na kanisa zima likaitikia kwa sauti moja, "Amina!" Mhubiri akanitazama. Nikaanza tena, shetani akasema tena, Amina ikaja tena, kubwa kuliko ya kwanza. Dereva alikuwa ameketi mstari wa mbele akitabasamu, kofia yake magotini. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kuvunja vyungu.

Mambo yangeendelea hivyo, mimi na aibu yangu, kama mdogo wangu asingepata mchumba.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wa kwetu na anafundisha watoto wa chekechea. Alimpenda fundi umeme wa Kimeru, kijana mtulivu, na ukoo wa kijana ukaomba kuja kwetu rasmi. Baba yetu ni marehemu, kwa hiyo msemaji wa upande wetu alikuwa baba mdogo, ndugu yake wa mwisho, mzee mwenye fimbo fupi na subira fupi zaidi. Naye alikuwa amesema wazi kwamba hataozesha mtoto kwa lugha asiyoijua. Angesema kwa Kiturkana, neno kwa neno, na wageni wangesikia neno kwa neno.

Mdogo wangu alijua maana yake. Mwaka uliotangulia, huko Gotu, dereva alikuwa ametafsiri posa kama hiyo. Wageni kutoka Meru walianza kwa adabu ya kwao: wakasema mbuzi wao alipotea, wakafuata nyayo, na nyayo zimeingia katika boma hili. Dereva akayatupa maneno yalivyo. Wazee wakaanza kuulizana ni mbuzi gani, ana alama ipi ya sikio, na mmoja akainuka kwenda kukagua zizi. Ilichukua mchana mzima kuwaelewesha kwamba mbuzi ni bibi harusi. Wageni waliondoka kabla ya nyama kuiva, na ndoa yenyewe haijafungwa hadi leo.

"Dada," mdogo wangu akaniambia, ameshika mikono yangu miwili, "nisimamie wewe. Yule akisimama, mimi sitaolewa."

Nikaenda kwa baba mdogo. Hakupenda. Mwanamke kusimama katikati ya maneno ya wazee lilikuwa jambo ambalo hajaliona, na tena mwanamke huyu alikuwa na mdomo unaoruka. Alichora ardhi kwa fimbo.

"Utasimama," akasema mwishowe. "Lakini maneno yangu yakikatika, anaingia yule mwanamume. Sitarudia neno mara mbili mbele ya wageni."

Nilikuwa na wiki tano.

Nilizitumia kama mtu anayechimba kisima. Mwenye duka alianza na sukari kavu juu ya ulimi, akaja na ndimu, akaja na maji ya kunywa kwa ukingo wa mbali wa kikombe, nikalowa kifua chote. Siku moja alitafuna kipande cha uzi, akakibandika kikiwa na mate juu ya paji la uso wangu, kama wanavyofanyiwa watoto wachanga. "Weka hiyo uzi hapo, usitoe," akasema. Nilihudumia watu asubuhi nzima uzi ukiwa kwenye paji, mpaka mteja mmoja akaniuliza kwa upole kama nimejifungua salama. Mama wa Kiborana anayeuza maziwa mlango wa pili alinifundisha kushika pumzi, kusema bismillahi moyoni, na kumeza mara tatu. Hiyo ilinisaidia kidogo. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini kwikwi haikuniachia nafasi ya kuchagua.

Kila mwisho wa wiki nilikuwa mikononi mwa mama. Alikuwa mzee sasa, lakini kazi yake ya zamani aliifufua kwa furaha. Aliniambia nimeiba tumbaku, sikushtuka. Akaniambia nimechukua sadaka. Nikamwambia anyamaze asisikike. Akapanda cheo: nimeuza mbuzi wa jirani, nimemfitini shangazi, nimekata mti wa kanisa nikachoma makaa. Kila uongo ulikuwa mkubwa kuliko uliotangulia, na hakuna hata mmoja uliofanya kazi, kwa sababu niliuona ukija tangu mbali. Msingiziwa aliyezoea hashtuki.

"Umekuwa sugu," akasema kwa huzuni.

Mwishowe nilifanya jambo ambalo ningelipaswa kulifanya mwanzoni, nikaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana, akanisikiliza bila kucheka, na hapo tayari nikampenda. Akaniuliza ninavyokula. Nikamwambia. "Unakula ukiwa umesimama?" Nikamuuliza kama kuna muuza duka anayekula amekaa. Akanipa vidonge vya kutuliza asidi tumboni na maagizo: nikae, nile kidogo kidogo, chai ipoe, soda niache kabisa. Akasema kwikwi ikipita siku mbili tena, nisingoje, nirudi waangalie zaidi.

Nikakaa. Nikangoja chai ipoe, jambo gumu kwa mtu wa kwetu. Ndani ya wiki mbili kwikwi ilipungua ikawa ya mara moja kwa siku, kisha siku ikapita bila. Lakini ilipokuja ilikuwa bado inakuja kwa nguvu, na nilihitaji njia ya kuikata papo hapo.

Njia niliipata chini ya meza. Ndengu zilikuwa zimemwagika, nikachuchumaa kuziokota, magoti yakinibana kifua, na kwikwi iliyokuwa imenishika ikaanza kulegea. Mwenye duka akaona. "Kaa hapo hapo, usiamke!" Yule mama ana akili. Akaniambia nizibe masikio kwa vidole, nishike pumzi, na yeye akanimiminia maji mdomoni, mafunda matatu. Nikasimama. Tukangoja, yeye na mimi na wateja wawili. Kimya. Tulijaribu tena siku nyingine, na nyingine, na kila mara ikakubali. Magoti, masikio, mafunda matatu, pumzi isitoke. Nilicheka peke yangu njiani kwenda nyumbani. Baada ya miezi saba ya kuchezewa na mwili wangu, nilikuwa nimeushika sikio.

Tatizo lilikuwa sura yake. Ukiifanya unafanana na kuku anayetaga huku akinyweshwa dawa. Na lazima awepo mtu wa kukushikia kikombe. Kwa hiyo nilikuwa naifanyia nyuma ya magunia tu, na niliapa hakuna mtu wa ukoo wangu atakayeiona.

"Mficha uchi hazai," mwenye duka akaniambia.

Nikamwambia nimeshazaa wawili, wanatosha.

Siku ilifika, Jumamosi. Nilikunywa uji nusu kikombe, nimekaa. Wageni walikuja na magari mawili, wakaketishwa upande mmoja wa turubai, sisi upande wa pili, na mimi nikasimama katikati nikiwa nimevaa shanga za mama. Dereva naye alialikwa, koti lake limepigwa pasi. Alikaa karibu, kama mchezaji wa akiba.

Mzee wa wageni, baba mkubwa wa kijana, alikuwa mrefu na mpole. Alianza kama nilivyojua ataanza. "Sisi tulikuwa na mbuzi yetu. Ikapotea. Tumefuata nyayo mpaka hapa." Nikawageukia wazee wetu: "Kwao ni adabu kuanza kwa fumbo. Mbuzi wanayemtaja ana miguu miwili, na sasa hivi yuko jikoni anajifanya hatusikii." Wazee wakacheka. Baba mdogo akajibu kwamba nyayo amezijua, na zizi lina mlango. Nikalipeleka jibu, wageni wakapiga makofi. Nilijisikia mrefu. Kwa saa nzima maneno yalipita kwangu kwenda na kurudi bila kumwagika hata tone.

Kisha mama wa kijana akainuka na soda. Walikuwa wamekuja nazo kutoka kwao, na alitaka kumpa kila mmoja wetu kwa mikono yake mwenyewe. Alipofika kwangu aliishika chupa kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Wewe umechoka kutuzidi wote," akasema. "Kunywa."

Mbele ya wazee wa pande mbili, ungekataa? Mimi sikuweza. Nilijua, na nilikunywa.

Baba mdogo alikuwa amefika penye kiini cha maneno yake. Alisimama, akaegemea fimbo, na akaanza kumzungumzia baba yangu. Hakuna aliyemsikia akimtaja tangu tumzike. "Ndugu yangu alipokufa," akasema, "huyu binti alikuwa bado ananyonya." Nikafungua mdomo. "Ndugu yake alipokufa, huyu binti," nikasema kwa Kiswahili, na kwikwi ikanipiga. Nikaanza tena, ikanipiga tena. Nikashika pumzi, nikasema bismillahi ya jirani yangu, nikameza mara tatu mate yasiyokuwepo. Ikanipiga mara nne mfululizo. Wageni walikuwa wanangoja kujua yule binti alifanywa nini. Baba mdogo alisimama na kifo cha ndugu yake mdomoni, akinitazama. Nikasikia kiti kikilia pembeni. Dereva alikuwa anafunga kifungo cha koti.

Hapo ndipo mama aliporuka.

Sijui alipata wapi miguu ile. Alitoka mahali pa wanawake, akasimama mbele yangu, akanielekezea kidole usoni, na akapiga kelele kwa Kiturkana: "Wewe! Umekula hongo ya watu hawa! Wamekununua! Unatuuza kwa maneno ya uongo!"

Turubai zima likanyamaza. Nilishtuka kuliko nilivyowahi kushtuka maishani. Moyo ulisimama, pumzi ilisimama, na kwikwi, lazima niseme haki, nayo ilisimama.

Niliona nyuso za wazee wetu. Walisahau kwamba ni dawa. Wengine hawakuwa wameona hata kwikwi, waliona mkalimani anayebabaika, na sasa wakapewa sababu. Baba mdogo akasema taratibu, "Ni kweli?"

Na upande wa pili mzee wa wageni akauliza, "Mama amesema nini? Mbona watu wote wamenyamaza?"

Dereva alikuwa tayari amefungua mdomo. Nilijua atakachosema. Angesema, "Anasema huyu ni mwizi," na akae. Huo ungekuwa mwisho wangu, na mwisho wa mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Ningeweza pia kudanganya. Hakuna aliyeshika lugha zote mbili isipokuwa mimi, yule mvivu, mdogo wangu ambaye asingenisaliti, na watoto waliokuwa malishoni na mbuzi. Ningeweza kusema, "Mama anawakaribisha nyama." Nakiri lilinipitia kichwani.

Lakini kazi ni kazi. Nikamtangulia dereva, nikawageukia wageni, nikayatafsiri yote, hata kidole nikakinyoosha kama mama alivyokinyoosha, ila nilijinyooshea mwenyewe. "Mama yangu anasema: wewe umekula hongo ya watu hawa, wamekununua, unatuuza kwa maneno ya uongo." Kisha nikamgeukia baba mdogo nikamwambia kwa Kiturkana kwamba nimewaambia wageni alichosema mama, chote, bila kupunguza. Kisha nikawaeleza wageni kwamba sijala kitu chao zaidi ya ile soda, na kwamba kwetu kumsingizia mtu ni dawa ya kwikwi.

Mzee wa wageni aliinama mbele. "Na hiyo dawa yenu imefanya kazi?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na kwikwi ikamjibu kwa niaba yangu.

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Kilitoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, na hakikuhitaji mkalimani. Mama wa kijana alikuwa anafuta machozi. Hata mama yangu alicheka, ingawa aliudhika kwamba kazi yake bora kuliko zote ilidumu muda mfupi hivyo.

Baba mdogo hakucheka. Maneno yake yalikuwa yamekatika, na yalikuwa maneno ya ndugu yake. Aliinua fimbo kumwita dereva.

Nilikuwa nimeapa. Lakini nilimtazama mdogo wangu na mwiko wake, na nikaona kwamba kiapo kile kilikuwa cha mjinga. "Baba," nikasema, "nipe muda wa kumeza mara tatu." Sikungoja jibu. Nikakusanya sketi, nikachuchumaa pale pale katikati ya wazee, magoti yakagonga kifua na shanga zikanikaba shingo. Nikaziba masikio. Nikamwambia mama wa kijana, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu: "Nimiminie maji mdomoni, mara tatu, usiniache nipumue!"

Akaja mbio na kikombe. Hakuniuliza swali hata moja. Alinishika kidevu, akaniinua uso na kunimiminia, kama anayemnywesha ndama mgonjwa. Masikio yakiwa yamezibwa, nilisikia moyo wangu tu. Niliona viatu: ndara za matairi upande huu, ngozi iliyong'arishwa upande ule, vyote vimenielekea. Funda la kwanza, la pili, la tatu. Nikahesabu polepole mpaka kifua kikaanza kuwaka. Nikatoa vidole, nikasimama, maji yakinichuruzika kidevuni mbele ya ukoo mzima.

Tukangoja. Watu wote chini ya turubai, wazee kwa wanawake, wakingoja mwili wangu useme.

Haukusema kitu.

"Baba," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa imetulia mpaka nikaishangaa, "rudia."

Alikuwa amesema hatarudia neno mbele ya wageni. Akaishusha fimbo, na akarudia tangu mwanzo. "Ndugu yangu alipokufa, huyu binti alikuwa bado ananyonya. Mama yake aliugua kwa huzuni, maziwa yakakauka. Dada yake alikuwa anaamka kabla ya jua kwenda kuomba maziwa kwa majirani, boma kwa boma. Mkimchukua, jueni kwamba mnachukua mtoto aliyelelewa na watu wengi."

Dada huyo nilikuwa mimi. Sikujua kwamba aliona. Nilitafsiri kila neno, na machozi yalinitoka, na sikuacha machozi yakate sentensi. Dereva alikaa. Alifungua kifungo.

Kuanzia hapo tulikwenda mpaka jua likapita upande wa pili. Walikubaliana. Mdogo wangu aliitwa, akaulizwa mbele ya wote kama anamtaka huyu kijana, akasema anamtaka, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, akaniacha bila kazi. Wakati wa nyama mama alikuja kukaa kando yangu.

"Yale maneno yangu," akanong'ona, "uliwaambia yote?"

"Yote."

"Hukupunguza?"

"Hata moja."

Akatafuna kwanza. "Sasa wananiona mimi ni mwendawazimu."

"Wanakuona wewe ni daktari," nikamwambia, na akaridhika.

Kwikwi haijaniacha kabisa. Hunijia mara moja kwa mwezi, pengine mbili, hasa nikijisahau nikala nimesimama. Siku hizi nachuchumaa popote: stendi, kanisani, siku moja benki kwenye foleni. Anayetaka kucheka acheke, mradi anishikie kikombe.

Siku ile, baada ya nyama, ilikuwa imebaki baraka. Kwetu shughuli hufungwa na baraka: mzee husimama na kuita, mstari mmoja baada ya mwingine, na watu wote huitikia kwa pamoja. Huenda kwa kasi, na huzidi kuongeza kasi. Hakuna mkalimani aliyewahi kuitafsiri mstari kwa mstari. Dereva alikuwa akiachia imalizike, halafu anawaambia wageni, "Wameomba mvua."

Baba mdogo akasimama na kunitazama kwa jicho la kunipima. Akaita mvua, watu wakaitikia, na kabla mwitikio haujaisha mvua ilikuwa imeshafika kwa Kiswahili. Akaita majani. Akaita maziwa, akaita watoto, akaita amani ya njia ya Meru na njia ya Ngaremara. Nikampokea kila mstari. Akaongeza kasi, nikaongeza. Wageni wakaanza kuitikia, kwanza yule mama wa kikombe, kisha mzee mrefu, kisha wote, sauti zao zikiingia juu ya zetu. Baba mdogo alitabasamu, akaja na mistari ambayo sijawahi kuisikia, ya wazee wa zamani, ya mifugo na nyota na visima, mbio mbio, na mimi sikuacha hata mmoja uanguke.

Alipomaliza, yeye ndiye aliyekuwa akihema.

Akaegemea fimbo mpaka pumzi ikamrudia. "Mwezi ujao kuna watu wa Gotu wanaoozesha," akaniambia, mbele ya wazee wote. "Utasimama wewe."